Nilivyomfuata Mwende Illasit na Mbuzi Watatu

Wenzangu wa mjengo, tangu nirudi mnaniuliza kila saa ya chai, na kila mara nawajibu, "Ni mambo ya nyumbani tu." Mnajua mimi si mtu wa kuongea. Mkinikazia macho, maneno yananikauka mdomoni. Lakini kuandika naweza, hata kama naandika polepole na shule yangu iliishia darasa la nane. Basi nimeandika. Mtasomeana wenyewe mkinywa chai. Mimi nitakuwa juu ya ukuta nikipanga mawe, na msiniite.

Kitengela

Mnakumbuka siku ile saruji iliisha tukatoka kazini mapema. Nilifika nyumbani nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko mahali pake, chini ya jiwe la kufulia. Nikaingia. Sufuria zilikuwa zimeoshwa na kulazwa kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Blanketi la watoto halikuwepo. Sare ya shule ya Mumo haikuwepo. Hata kikombe cha Ndanu, kile cha plastiki alichokitafuna mdomo wakati meno yanaota, hakikuwepo. Simu ya mke wangu Mwende ilikuwa mezani, imejaa chaji.

Hiyo simu ndiyo iliyonitisha. Mtu akienda sokoni hubeba simu. Akienda kwa jirani huibeba. Anayeiacha mezani hataki kutafutwa.

Nikatoka hadi kwa Mama Shiro, anayeuza mboga kwenye geti la ploti yetu.

"Mama Shiro, umemwona Mwende?"

"Ai, Baba Mumo! Kwani hujui?" Akaacha kisu juu ya sukuma. "Mwanamume alikuja na pikapu nyeupe. Mtu mkubwa hivi, na kofia. Akambeba Ndanu kama amemzaa yeye, Mumo akakaa mbele, Mwende akapanda na mabegi. Mimi nikadhani mnahama. Nikasema, watu gani hawa hata hawaagi?"

"Alikuwa analia?"

"Nani?"

"Mwende."

Mama Shiro akafikiri kidogo. "Hapana. Hata hiyo ndiyo ilinishangaza."

"Hukumwuliza huyo mwanamume ni nani?"

"Mimi ni polisi? Si wewe ndiye ungemwuliza mke wako mambo yake kabla hajapanda gari?"

Nikarudi ndani nikaketi kitandani. Kupitia ukuta wa mabati nilimsikia jirani akiwaogesha watoto wake, wakipiga kelele kwa sababu ya sabuni machoni. Nilikaa hapo mpaka wakanyamaza. Niliwaza kwenda polisi, lakini ningesema nini? Kwamba mama ameenda na watoto wake?

Niwaeleze jambo moja ili mwelewe yanayofuata. Mimi ni Mkamba wa kuzaliwa Kitengela. Mama yangu alinilea peke yake, na alipofariki nikabaki na majina tu ya wajomba walioko Mwingi. Mwende nilimpata hapa hapa mjini. Kwao ni Illasit, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako wazazi wake hulima nyanya. Tulianza kuishi pamoja, Mumo akazaliwa, kisha Ndanu, na mimi kwao sikuwahi kukanyaga. Mwezi mmoja kabla ya haya aliniambia tukila, "Kanini amepata mtu." Kanini ni mdogo wake anayemfuata. Nikasema ni vizuri, nikaongeza mboga.

Kajiado mjini

Asubuhi nilienda Kajiado, kwa sababu shangazi yake Mwende, anayeitwa Syombua, huuza mitumba pale sokoni. Alikuwa ametutembelea wakati Ndanu alipozaliwa. Nilimkuta akitundika makoti, wateja wakiwa wamemzunguka. Aliniona vizuri kabisa, lakini akaendelea kutundika.

"Habari ya asubuhi, shangazi."

"Shangazi ni wa mtu aliyeleta kitu nyumbani," akasema bila kugeuka. "Mimi ni mama wa mitumba. Unataka koti?"

"Namtafuta Mwende na watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wangu."

"Wako kwa mbuzi gani?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua nguo wakacheka. Nilitazama viatu vyangu. Syombua akageuka sasa, hanger mkononi, akaongea kwa sauti ya kusikika na soko zima. Alisema kwamba kwa Wakamba mwanamke ambaye mbuzi wake watatu wa ntheo hawajaletwa kwa babake ni msichana wa babake bado, hata akizaa kumi. Na hao kumi ni wa babake pia. Kwamba mwanamume wa aina yangu ni mgeni aliyezidisha siku.

"Na nikuambie," akamaliza, "sasa mbuzi zimefika kwa kaka yangu. Zimefungwa pale nyumbani zinangoja. Zikishaliwa, maneno yameisha. Wewe endelea kupanga mawe."

Mwanamume wa pikapu. Mtu mkubwa, na kofia. Swali lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa: zimeletwa na nani? Lakini mteja mmoja aliuliza bei ya koti, nikampisha, na nilipoinua uso Syombua alikuwa amenipa mgongo. Sikuuliza. Neno moja tu, na ningejiokoa na safari nzima ya wasiwasi.

Nilianza kuondoka. Akaniita, "Wewe!" Akanisukumia bakuli lake la githeri lenye kifuniko. "Kula. Ukianguka hapa watu watasema nimekuroga."

Nilikula nikiwa nimesimama nyuma ya makoti. Lilikuwa githeri zuri, na sikuhisi ladha yake hata kidogo.

Kwa Lekishon

Baadhi yenu mnamjua Lekishon, yule mzee Mmaasai tuliyemjengea nyumba ya mawe nje ya Kajiado, upande wa kwenda Mashuuru. Mnakumbuka mimi nililipwa kwa mbuzi, mkanicheka. Sikuwa na mahali pa kuwafuga Kitengela, kwa hivyo niliwaacha wakachanganyika na wake. Niliposhuka kwenye pikipiki pale kwake, watoto wake walikuja mbio, wakainamisha vichwa mmoja mmoja niwaguse, kama ilivyo desturi yao. Niligusa vichwa vitatu. Cha nne kilikuwa cha mtoto mdogo wa kimo cha Ndanu, na mkono wangu ukabaki pale mpaka mtoto mwenyewe akajitoa.

"Sopa, fundi!" Lekishon akasema.

"Ipa, mzee."

Alinipa maziwa ya kibuyu, yale yenye harufu ya moshi, akakaa akinitazama. Nilijaribu kusema mara mbili nikashindwa.

"Maneno yako ni kama ng'ombe wa kiangazi," akasema. "Yanatoka zizini moja moja, na yamekonda. Mimi sina haraka."

Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasimama. "Mbuzi zako sasa ni tano. Zilizaa. Chukua tatu."

Tulichagua dume mmoja mwekundu na majike wawili. Hawakutaka kuondoka, yule dume alilala chini akajifanya amekufa. Nilipowafunga kamba, nilimshukuru Lekishon nikaanza kuwavuta kuelekea barabarani. Alinifuata akiwa na shuka lake na rungu.

"Unakuja wapi, mzee?"

"Kijana peke yake na mbuzi watatu kando ya lami? Huyo si mtu wa kuoa, huyo ni mwizi. Watakuchoma kabla ya Emali. Twende."

Juu ya kreti

Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likaanza kuinama. Magari mengi yaliona mbuzi yakaongeza mwendo. Mwishowe kanta moja ya nyanya ikasimama, imejaa kreti tupu. Dereva alikuwa Mkikuyu mwenye umri wa Lekishon, jina lake Njoroge, na alikuwa akienda Illasit kuchukua mzigo.

"Mbuzi zikikula kreti zangu," akasema, "mimi nitakula mbuzi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Lekishon akajibu.

"Na huyu bubu?"

"Huyu anafuata mke wake."

Njoroge akanitazama kwa dirisha. "Ingia mbele. Mtu wa kufuata bibi hawezi kukaa na mbuzi."

Nilikataa. Nilikaa nyuma juu ya kreti na mbuzi wangu, kwa sababu niliogopa dume asiruke. Tukapita Mashuuru, tukatokea barabara ya Mombasa. Kila tulipopishana na pikapu nyeupe nilisimama nikachungulia ndani. Mojawapo ilikuwa na mtoto aliyevaa kofia kama ya Ndanu. Hakuwa Ndanu.

Emali, Njoroge alisimama kula. Mimi nilitaka twende tu, lakini gari si langu. Aliagiza chapati na maharagwe ya watu watatu.

"Sijisikii kula," nikasema.

"Utafika kwa wakwe ukiwa na macho ya kuzama, waseme binti yao anakaa na mgonjwa? Kula, bwana."

Nikala nusu. Nusu nyingine niliifunga kwenye gazeti, nikisema moyoni ni ya Mumo, maana anapenda chapati iliyolala.

Tulipofika Kimana jua lilikuwa limezama. Njoroge alifungua mlango wa nyuma ashushe kreti za dalali mmoja, na yule dume mwekundu, aliyekuwa ametulia njia yote kama abiria wa heshima, akaruka juu ya bega lake akatoweka kati ya vibanda. Nilimkimbilia. Watu nisiowajua wakaacha chai zao wakamkimbilia pia. Mama mmoja wa samosa alimkinga kwa ungo, dume akapita chini ya meza yake. Alikamatwa na vijana wa bodaboda karibu na mto, tayari giza limeingia.

"Sasa twende," nikasema nikihema.

"Twende wapi? Hapa mbele ndovu huvuka usiku," Njoroge akasema. "Tunalala."

"Huenda zikaliwa kesho asubuhi," nikasema. "Zile mbuzi zingine."

"Na ndovu akikukanyaga wewe, nani atakula hizi zako?"

Wakaniacha nikae peke yangu juu ya kreti. Nilitoa simu yangu nikapiga namba ya Mwende. Simu yake ikalia ndani ya mfuko wa koti langu, maana nilikuwa nimetembea nayo na kuichaji kila mahali penye umeme. Ikalia mpaka ikakata. Nikapiga tena. Lekishon, aliyelala chini kando ya gari, akainua kichwa kutoka kwenye shuka.

"Si ushike hiyo simu?"

"Ni mimi napiga," nikasema.

Nilidhani atacheka. Alijifunika tena.

Illasit

Asubuhi mlima wa Kilimanjaro ulikuwa wazi wote, mweupe juu. Njoroge aliwajua wakulima wa pale, akaulizia kwa Mzee Ngui, babake Mwende, tukaonyeshwa ua wa minyaa na mashamba ya nyanya nyuma yake. Nilishuka na mbuzi wangu. Njoroge naye akashuka, akisema anataka kuona nyanya za huyu mzee.

Jambo la kwanza nililoona ndani ya ua ni pikapu nyeupe. La pili ni mbuzi watatu wamefungwa chini ya mparachichi, mmoja mweusi, wawili wa madoa. Wamenona.

Niligeuka nikaanza kurudi kwenye gari.

"Unaenda wapi?" Lekishon akanishika mkono.

"Zimeshaletwa. Si umeziona?"

"Nimeziona. Zimekufa?"

"Bado."

"Basi simama kama mtu."

Hapo Mumo akatoka nyuma ya jikoni. Aliponiona alisema "Baba!" akaja mbio mpaka getini, na mama mmoja mzee akatoka nyuma yake akimwita. Yule mama alinyanyua macho akaniona. Mara moja akavuta leso akajifunika uso, akageuka, akaenda upesi kujificha nyuma ya ghala, karibu aanguke.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. "Ameona mimi ni takataka," nikasema.

Lekishon alikuwa anacheka chini kwa chini. "Fundi, wewe kweli umelelewa mjini. Hata kwetu mama mkwe humkimbia mkwe. Ungekuwa si kitu kwake, angebaki hapo kukutukana."

Nilitazama lile ghala. Pindo la leso lilikuwa likionekana pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kitengela nilivuta pumzi ikafika chini. Mumo alikuwa ameshainamisha kichwa kwa Lekishon, maana watoto wa jirani mmoja Mmaasai kule Kitengela walimfundisha. Alipewa baraka, kisha akauliza mbuzi wanaitwa nani.

Mzee Ngui alitoka na kiti chake, akaketi ndani ya geti. Sisi tulikuwa nje. Hakutukaribisha.

"Wageni wa nani?"

Nilifungua mdomo. Akainua mkono. "Wewe nyamaza. Anayetaka mke haongei. Wazee wako wako wapi?"

Dume wangu akakohoa. Njoroge ndiye aliyevua kofia.

"Mzee, mimi naitwa Njoroge, mtu wa nyanya. Huyu kijana nimemjua jana. Lakini nimelala naye juu ya gari moja, na nimemkimbilia mbuzi wake mpaka mtoni. Nafikiri huo ni ukoo wa kutosha."

"Na mimi amenijengea nyumba," Lekishon akasema. "Imesimama mpaka leo. Mbuzi hawa ni jasho lake, nilimpa mimi."

Mzee Ngui alitutazama mmoja mmoja. "Mkikuyu na Mmaasai wameleta mbuzi za Mkamba. Hii ni ntheo, ama ni mkutano wa kaunti?"

Kutoka ndani ya nyumba mtu akacheka. Kicheko hicho nakijua. Kilikuwa cha Mwende, kisha kikakatwa.

Sijui nilipata wapi nguvu. "Baba, hizo zingine ni za nani?" nikauliza. Swali lile nililolimeza Kajiado.

"Hizo?" Mzee akaonyesha chini ya mparachichi kwa fimbo. "Za mchumba wa Kanini. Zimekaa hapo zinanimalizia mabua kwa sababu yako! Mbuzi wa mdogo huliwa kabla ya wa mkubwa? Umewahi kuona wapi? Nikamtuma kijana wangu na pikapu amlete dada yake, aniambie macho kwa macho: wa Kitengela anakuja, ama nimhesabu Mwende ni msichana wa hapa, na watoto waanze shule hapa?"

Kwa hivyo mtu mwenye kofia alikuwa shemeji yangu. Na "Kanini amepata mtu" ilikuwa habari yangu mimi, na nilikuwa nimeongeza mboga.

Mzee akamwita Mwende. Alitoka akiwa amembeba Ndanu mgongoni, akasimama kando ya babake bila kunitazama.

"Hawa watu unawajua?"

"Namjua mmoja."

"Mbuzi zao tuzipokee?"

Nilisikia maji ya mfereji wa shambani. Mumo alikuwa ameketi chini, anamlisha dume chapati yangu ya Emali.

"Aseme kwa nini amekuja," Mwende akasema.

"Mila haitaki aongee," babake akasema. "Ndiyo maana ana wazee."

"Mila haitaki. Mimi ndiye nataka. Miaka yote hii naongea peke yangu kwa ile nyumba kama redio."

Wote wakanigeukia. Mnajua ninavyokuwa. Nilitafuta neno nisilipate, nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa simu yake nikamnyooshea juu ya geti.

"Nimekuletea simu. Nimekuwa nikiichaji."

"Ya nini?"

"Nilikuwa nakupigia."

"Ulikuwa unanipigia na simu uko nayo wewe?"

"Nilitaka ilie tu." Nikalishika geti. "Nimezoea ikilia unashika. Ile nyumba siwezi kukaa, Mwende. Naskia watoto wa jirani wakiogeshwa. Nimekuja kwa ajili yako na watoto. Hawa mbuzi sikujua wanaletwa vipi, nimewaleta tu."

Aliichukua simu, akaiwasha. Nilimwona akishusha kidole polepole, akisoma. Jina lilikuwa moja kutoka juu mpaka chini, Baba Mumo, Baba Mumo, Baba Mumo.

Akaizima. Akamrekebisha Ndanu mgongoni.

"Hizo mbuzi ziko kwa jua," akasema. "Zifungeni huko kivulini na zile zingine."

"Sasa hiyo ni ndiyo ama ni hapana?" Mzee Ngui akauliza.

"Baba, nimesema zifungwe kivulini."

Mzee akasimama, akafungua geti.

Kurudi

Dume mwekundu aliliwa siku hiyo hiyo. Mumo alilia kwa sababu alikuwa ameshampa jina, kisha akala figo. Kesho yake wakaliwa wa Kanini, na huyo mchumba wake alinishika mkono kama mtu aliyetolewa jela. Mama mkwe sijamwona uso hadi leo, ila tulipoondoka tulikuta ndizi na viazi vikuu vimewekwa kwenye kanta, na hakuna aliyesema vimetoka kwa nani. Mzee Ngui aliniambia yaliyobaki nitayaleta na wajomba wa Mwingi, hata nikiwa siwajui. "Na hawa wawili usiwaache," akasema, akimaanisha Lekishon na Njoroge. "Wanajua kuongea."

Tulirudi na nyanya. Mwende na Ndanu walikaa mbele, mimi na Mumo nyuma na Lekishon, mpaka tulipomshusha Kajiado. Mama Shiro alituona tukishuka Kitengela akaacha mizani. "Na yule mwanamume wa pikapu?" akaninong'oneza. Mwende ndiye aliyemjibu, kwa sauti: "Ni kaka yangu. Ungeniuliza ningekuambia." Lakini alikuwa ananitazama mimi.

Siku hizi nikitoka kazini nampigia njiani, hata kama sina la kusema. Jana nilipiga nikiwa nimeshafika, nimesimama nje ya mlango. Niliisikia ikilia ndani, kisha ikaacha.

"Ongea basi," akasema.

Nikaongea.